Mume wangu ananuna, anasusa, na kila kitu ni "sawa": nifanyeje?

SWALI: Nina miaka 36, naishi Morogoro. Ndoa yetu ina miaka tisa na watoto wawili. Mume wangu hanipigi, hanitukani, wala si mlevi. Ila nikimwomba kitu anasema "sawa" na hakifanyi. Muhula huu alisema atalipa ada ya mtoto, 420,000. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu na shule. Nikimuuliza "una nini?" anajibu "sina kitu", halafu tunakaa siku nne au tano hatuongei. Chakula nakipakua kinalala. Wageni wakija anachangamka, kisha anatupia utani: "Siku hizi humu ndani baba ni yeye, mimi mpangaji tu." Nikilalamika, eti sijui utani. Yamezidi tangu mwaka jana nilipopandishwa cheo na kununua kiwanja Mkundi kwa mkopo wangu. Nilimwambia nilipokwisha kulipia. Nami nimechoka, siku hizi namchunia, na chumbani kila mtu na upande wake. Mama anataka kuitisha kikao cha familia. Nifanyeje? (Mama Zawadi)

JIBU:

Mama Zawadi, mumeo yuko kwenye mgomo baridi. Hajaacha kazi na hajaandika barua ya madai. Anaingia kila siku kwa wakati, ila mashine zinakwenda nusu mwendo. Mgomo wa namna hiyo huishi kwa vitu viwili: madai ambayo hayajatamkwa, na hasara inayomwangukia mtu mwingine. Kwenu vyote viwili vipo. Madai hajawahi kuyasema, na simu ya shule ilipigwa kwako. Kazi yako si kumbadilisha tabia. Ni kuyafanya madai yaweze kusemeka, kisha uache kuibeba hasara yote peke yako.

Kwanza hakikisha kweli ni mgomo. Mtu mwenye sonona naye hunyamaza, husahau, hukosa hamu ya kula na ya unyumba, na mkewe akadhani anafanyiwa kusudi. Tofauti iko hapa: ugonjwa hauchagui mahali. Kama anasahau na kazini pia, halali vizuri, amepungua mwili, hata mpira na marafiki havimvutii tena, na hali hiyo imedumu zaidi ya wiki mbili, aende hospitali kabla ya jambo lolote. Lakini kama hela ya kikoba anaipeleka tarehe ileile kila mwezi, mechi haimpiti, na wageni wakibisha hodi uso unakunjuka papo hapo, basi kumbukumbu yake ni nzima. Kinachogoma ni moyo, na unagoma dhidi ya mtu mmoja.

Usimwite mgonjwa basi. Tabia hii ilipewa jina la kitaalamu (kwa Kiingereza "passive-aggressive") jeshini Marekani mwaka 1945, pale daktari wa akili William Menninger alipoeleza habari za askari ambao hawakukaidi amri waziwazi, bali walinuna, wakachelewesha kazi, wakaifanya ovyo. Mwaka 1952 ikaingia kwenye mwongozo wa Kimarekani wa magonjwa ya akili kama kasoro ya haiba; mwaka 1994 ikasogezwa kwenye kiambatisho; toleo la 2013 halinayo tena. Kilichobaki na faida kwetu ni ile picha ya askari. Mgomo baridi huota mahali ambapo mtu anaona hawezi kusema "hapana" akabaki salama. Wengi wetu tulilelewa hivyo: ukimjibu mzazi, fimbo, ukitumwa dukani hutaki, dawa ni kwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwanamume akishaongezewa na lile somo la kwamba kulalamika ni uanamke, amebakiwa na njia gani ya kusema ameumia? Kununa, kususa, kusahau, na utani wenye miiba.

Jiulize basi, bila kujipiga: mara ya mwisho mumeo alipokukatalia jambo waziwazi, ulimjibu nini? Kama jibu lilikuwa hotuba ya nusu saa au orodha ya makosa ya tangu harusi, "sawa" ndiyo njia yake ya kukwepa hotuba.

Kiwanja cha Mkundi

Umeliandika jambo hili karibu na mwisho kama nyongeza, lakini ndilo barua yenyewe. Utani wake hauko mbali na madai yake. Mara nyingi utani ndiyo madai yaliyovalishwa nguo za sherehe. "Baba ni yeye, mimi mpangaji." Mpangaji ni mtu asiye na ardhi na asiyeulizwa. Amekwambia kinachomuuma mbele ya wageni kwa sababu mkiwa wawili hawezi.

Kisheria hukukosea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu kila mwanandoa kuwa na mali yake, na mkopo ni wako. Lakini unaweza kuwa na haki ya kiwanja na bado ukawa na deni la maneno. Deni lenyewe si kununua, ni kumwambia baada ya kulipia. Tenganisha hayo mawili kichwani kabla hujafungua mdomo, maana wanawake wengi wakifika hapa hufanya moja ya makosa mawili. Wapo wanaotetea kiwanja kwa hoja nzito ("ningekwambia ungekubali?"), na mume akazidi kufunga mdomo. Wapo wanaoomba radhi kwa kila kitu mpaka wakaahidi kubadilisha jina la hati ili amani irudi. Usifanye lolote kati ya hayo. Omba radhi kwa namna ulivyofanya; kiwanja kibaki kama kilivyo mpaka mtakapokizungumza wote wawili mkiwa mmetulia.

Kabla ya mazungumzo hayo, siku 14 za daftari. Dogo, la karatasi, si kwenye simu anayoishika. Kila mara anaponuna, anaposusa au "anaposahau", andika mistari minne: tarehe na saa; ulimwomba nini na kwa maneno gani hasa; alijibu nini; na kitu gani kilitokea saa chache kabla. Mstari wa nne ndio wenye thamani. Baada ya wiki mbili utaona kama ananuna baada ya simu zako za kazini, au baada ya mama yako kuja, au unapotoa maagizo mbele ya watoto. Daftari hili si ushahidi wa kumsomea mashtaka. Siku utakapomfungulia ukasema "tarehe tatu ulifanya hivi", umeipoteza ndoa ya mwaka huo. Likishakufundisha, lichane.

Achana na "una nini?"

Swali hilo linampa mlango wa kutokea: "sina kitu." Ukiuliza mara ya pili anakasirika, mara ya nne anaondoka, na wewe unabaki unaonekana msumbufu. Watafiti wa ndoa wanalijua zunguko hili vizuri: mmoja anakimbiza, mwenzake anarudi nyuma, na kadiri huyu anavyokimbiza ndivyo yule anavyorudi. Andrew Christensen wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ni mmoja wa waliolichunguza kwa muda mrefu, na jambo moja lililoonekana ni kwamba anayekimbiza huwa ni yule anayetaka mabadiliko. Mada ikiwa ya mume, mume naye hukimbiza. Basi usijione umeumbwa msumbufu. Umekaa tu upande wenye shida.

Badala ya swali, sema ulichokiona, fungua mlango, nyamaza. Maneno yawe machache kama haya: "Baba Zawadi, tangu Jumapili hatujaongea. Naona kuna jambo halijakukaa vizuri. Ukiwa tayari nitakusikiliza, hata kama jambo lenyewe ni mimi." Hapo umemaliza. Usingoje jibu umesimama mlangoni. Usirudie kabla ya saa 24 kupita. Katika saa hizo endelea na maisha kwa sauti ya kawaida: salamu ya asubuhi unaitoa hata isipoitikiwa, chai unaandaa, unacheka na watoto. Usimbembeleze, wala usimrudishie kununa.

Si kila ukimya ni mgomo, lakini. Mtu akigombana, moyo wake ukaanza kudunda zaidi ya mara 100 kwa dakika, kichwa hakipokei tena maneno. John Gottman aliyewapima wanandoa kwenye maabara yake Seattle anashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20 kabla ya kuendelea. Kwa hiyo mwanamume anayetoka nje kuvuta pumzi nusu saa hakususii. Mpe hiyo nafasi, na mkubaliane kwamba anayeomba kupumzika ndiye anayetaja saa ya kurudi: "Niache kidogo, tutaongea saa tatu." Ukimya wenye saa ya kurudi ni pumziko. Ule wa siku tano usio na saa ni adhabu, na hilo unaweza kumwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, mara moja.

Kuhusu chakula anachokisusa: pika kama kawaida, weka kwenye hotpoti, sema mara moja "chakula kipo mezani", kaa na watoto mle. Akila saa tano usiku, vyema. Kikilala, kinaliwa kesho mchana. Usikipashe mara tatu, usikitupe kwa kishindo ili asikie sufuria. Na kubwa kuliko yote, usimtume mtoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." Nyumba nyingi zenye mgomo baridi zimewageuza watoto kuwa posta. Mtoto wa miaka saba anayepeleka ujumbe kutoka sebuleni kwenda chumbani anajua kila kitu, na anajifunza namna ya kununa ndoani kabla hajamaliza kuota meno ya ukubwani.

Kugeuza "sawa" iwe ahadi

"Sawa" ya mumeo maana yake ni "nimesikia, naomba tuishie hapo". Usiichukue kama makubaliano mpaka iwe na vitu vinne ndani yake: nani, kiasi gani, lini, na isipofanyika itakuwaje. Na vinne hivyo avitaje yeye. Linganisha hizi mbili:

"Baba Zawadi, usisahau ada, shule wanasumbua." "Sawa."

"Ada ya muhula ujao ni 420,000, mwisho tarehe 15. Unaona tuilipe vipi?" Akisema "nitalipa", uliza tu: "Tarehe ngapi inakuwia rahisi?" Akisema tarehe 12 baada ya mshahara, uliza la mwisho: "Nikukumbushe, au nisikukumbushe?" Akichagua kukumbushwa, mkumbushe mara moja, tarehe 11. Akisema usimkumbushe, funga mdomo hata ukiwashwa. Kukumbusha kila siku ndiko kulikokufanya uonekane msimamizi, na msimamizi hugomewa.

Wengine hushauri karatasi ya majukumu ibandikwe ukutani. Kwa mume anayejiona mpangaji, karatasi yenye mwandiko wako ni ratiba ya hausigeli. Afadhali akutumie yeye ujumbe mfupi, "ada tar 12 mimi", au aandike kwenye kalenda kwa mkono wake.

Sasa lile la nne, isipofanyika. Usijaribu kumfundisha adabu kwa ada, dawa, chakula, kodi au LUKU. Mtoto akirudishwa nyumbani hajajifunza baba yake, ameumia mtoto. Kwa mambo haya tangaza mapema, tena kwa upole, hasara itakayomfikia na yeye: "Ikifika tarehe 13 haijalipwa, nitaitoa kwenye ile akiba ya kochi, na kochi litasubiri mwakani." Kisha fanya kweli, kimya, bila "nilikwambia". Fedha itoke kwenye kitu anachokitaka naye; ukiitoa kwenye mshahara wako kila mara, umemwondolea mgomo gharama zote, na ataweza kuuendesha miaka.

Mambo yake binafsi, tofauti kabisa: bima ya pikipiki yake, suti ya kupeleka kwa dobi, kumpigia mama yake simu ya pole, fomu ya kikoba. Hayo yaachie yaharibike. Najua hili linauma zaidi kuliko ada, maana mama mkwe akikosa simu atakulaumu wewe. Mjibu kwa heshima, "Mama, nimemwachia mwenyewe akupigie", na umpe simu mumeo. Bomba linalovuja na taa ya barazani ni vya wote: mpe siku yake aliyoitaja, ikipita unaita fundi, bili inaingia kwenye matumizi ya nyumba. Halitaki neno zaidi.

Vijembe mbele ya watu

Hapo ulipo usicheke ili kufunika, wala usirudishe kijembe kikali zaidi ili wageni wajue nani mjuzi wa maneno. Sema, "Hilo tutaongea wenyewe," mimina juisi, endelea. Siku hiyohiyo wageni wakiondoka, mkiwa wawili: "Uliposema mbele ya shemeji kwamba mimi ndiye baba humu ndani, niliumia. Kama kuna la kuniambia kuhusu kazi yangu au kiwanja, niambie mimi." Atasema alikuwa anatania. Usibishane kuhusu nia, hutashinda. Nia iko kifuani mwake na funguo anazo yeye. "Sawa, ni utani. Utani huo naomba usiurudie." Basi. Akiurudia kwa mara ya tatu, inuka kwa adabu, nenda jikoni, usirudi mpaka mada ibadilike. Wageni wataelewa, na yeye ataelewa zaidi.

Mafumbo yenyewe si uovu. Pwani kanga imekuwa ikisema yale ambayo mke hawezi kuyasema kwa mdomo, na nyumba hazikubomoka kwa hilo. Lakini kanga ilisomwa na wa nyumbani na majirani wawili watatu, kisha ikafuliwa. Stetasi ya WhatsApp inasomwa na watu 200, akiwemo bosi wake na wifi yako. Kama umekuwa ukijibu kwa stetasi, acha leo.

Mazungumzo yenyewe

Daftari likishafika siku 14, chagua Jumamosi asubuhi au alasiri, mmekula, watoto wako kwa jirani. Usichague usiku kitandani, siku amerudi kazini kachoka, wala mwisho wa mwezi mfukoni hamna kitu. Wanaume wengi huongea vizuri zaidi wakiwa bega kwa bega kuliko wakitazamwa usoni; kutembea, kukaa barazani, au kuwa safarini ndani ya gari husaidia. Mwombe siku mbili kabla, umtajie mada na muda: "Jumamosi naomba nusu saa, kuhusu kiwanja. Sina lawama, nina neno la kwako." Ukimvamia bila taarifa, atakupa "sawa".

Anza wewe, dakika tano zisizidi. Maneno ya kuanzia yanaweza kuwa: "Kiwanja nilikwambia baada ya kulipa. Naona nilikukosea. Nilikufanya ujione huna neno nyumbani kwako. Nisamehe kwa hilo." Hakuna "lakini" baada ya hapo. "Lakini" moja tu inageuza radhi kuwa kesi. Kisha nyamaza. Ukimya utakaofuata ni mrefu, na kila mshipa utakuambia uujaze. Hesabu polepole mpaka 60. Mtu ambaye hajazoea kusema anahitaji muda wa kutafuta maneno, na sekunde ya 40 ndipo wake wengi hukata tamaa wakaanza kueleza upya.

Akianza kusema, huenda ikatoka vibaya: kwa hasira, bila mpangilio, na mambo ya mwaka 2019 ndani yake. Pokea. Rudia kwa maneno yako ulichosikia ("kwa hiyo uliona nimekudharau mbele ya ndugu zako") na uulize kama ndivyo. Usisahihishe tarehe. Usijitetee siku hiyo. Zamu yako ya kueleza shida ya ada na ukimya ni kikao kingine, wiki inayofuata. Kuchanganya mawili siku moja ndiyo sababu vikao vingi vya ndoa huisha kwa kelele.

Asiposema kitu? Sema, "Nimeshasema langu, sina haraka na lako," ondokeni. Mara nyingi jibu huja siku ya tatu, likiwa limejificha ndani ya jambo dogo, kwa mfano anakuuliza kiwanja kina ukubwa gani. Hilo ni jibu. Mchukue mkakione.

Kisha mwahidi jambo moja ambalo litakugharimu: "Ukiniambia hapana, nitaipokea. Sitanuna, sitahubiri." Na "hapana" ya kwanza atakayoitoa baada ya hapo, hata kama inakukera kiasi gani, ipokee vizuri kama mgeni. Ukiiadhibu hiyo ya kwanza, hataleta ya pili. Atarudi kwenye "sawa". Hapa ndipo ndoa nyingi zinapoangukia, kwa sababu mke ameomba ukweli miaka mingi, ukifika hauna ladha aliyoitarajia.

Baada ya hapo wekeni kikao kidogo cha kila wiki, dakika 20, siku moja isiyobadilika. Ahadi za wiki iliyopita, mambo ya wiki ijayo, na kila mmoja jambo moja tu lililomuudhi. Moja. Ukileta mawili umeanza tena kuwa mkaguzi.

Kwa upande wako

Umesema unamchunia, na chumbani kila mtu na upande wake. Hapo migomo imekuwa miwili, na kila mmoja wenu anangoja mwingine arudi kazini kwanza. Kukosa hamu kwa sababu umeumia ni haki yako, na hakuna wa kukulazimisha. Ila kuna tofauti kati ya kugeuka ukutani bila neno na kusema, "Leo sina moyo huo, maneno ya jana bado yananiuma." Ya kwanza ni faini, ya pili ni habari. Kama unamtaka aache kuongea kwa vitendo, anza wewe kuongea kwa maneno.

Jiandae pia kwamba wiki mbili au tatu za mwanzo mambo yanaweza kuzidi. Tabia iliyozoea kulipwa, ikikosa malipo, huongezeka kabla ya kupungua, kama mtoto aliyezoea kupewa pipi kwa kulia: siku ya kwanza ya kunyimwa analia maradufu. Alizoea siku tano za ukimya, ukizinunua kwa kubembeleza. Safari hii anaweza kwenda tisa. Ukikubali kubembeleza siku ya tisa, umemfundisha kwamba bei imepanda hadi siku tisa. Baki kwenye salamu, chakula, sauti ya kawaida, na ule mlango uliofungua. Ni kazi ngumu. Tafuta mtu mmoja tu mwenye kifua wa kumwambia, asiwe ndugu yenu wa upande wowote.

Hilo linanileta kwa mama. Mwombe asubiri. Mzazi akisikia mabaya ya mkwe, ninyi mtapatana kesho, yeye atabaki nayo kifuani miaka kumi. Na mume ambaye madai yake ni kudharauliwa, ukimweka katikati ya kikao kilichoitishwa na ukweni bila yeye kujua, umeyathibitisha madai yake. Kama baada ya miezi miwili hamjapiga hatua, pendekezeni pamoja watu wa kuwasikiliza: wasimamizi wenu wa ndoa ni wa kwanza, au mzee mmoja kila upande. Kwa Waislamu utaratibu huo uko kwenye Qur'ani yenyewe, sura ya 4 aya ya 35, mwamuzi mmoja kwa jamaa za mume na mmoja kwa jamaa za mke. Usawa huo ndio siri yake. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri nayo husikiliza wanandoa, na maofisa wake wamesomea kazi hiyo.

Baraza la usuluhishi la ndoa lipo pia, na watu wengi hulielewa vibaya. Kwa kuwa kwa kawaida sheria haikuruhusu kufungua shauri la talaka mahakamani kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha na kuthibitisha kwamba limeshindwa, wito wa baraza husomeka kama hatua ya kwanza ya talaka. Mumeo naye atausoma hivyo. Hamjafika huko, hata karibu.

Kuna mpaka mmoja ambao ukivukwa, yote niliyoandika hapo juu yasitumike. Kama ananyima fedha za chakula au matibabu ili uteseke, anakagua na kuchukua simu yako, anakukataza ndugu zako, anatishia, anakulazimisha chumbani au anainua mkono hata mara moja, huo si mgomo baridi, ni ukatili; usijaribu kuutatua kwa kikao cha nusu saa barazani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa ulivyoandika hauko hapo, lakini nimelitaja kwa sababu wapo watakaosoma wakiwa hapo.

Utajuaje kama mnasogea? Usipime kwa mapenzi, yatachelewa. Baada ya wiki nane hesabu vitu vitatu: ukimya mrefu zaidi ulikuwa wa siku ngapi, kati ya ahadi kumi zenye tarehe zimetimia ngapi, na amekuambia "hapana" au "sijapenda" mara ngapi. Kutoka siku tano hadi mbili, ahadi sita kati ya kumi, na malalamiko matatu ya wazi: hayo ni maendeleo makubwa. Usishangae nyumba ikawa na kelele zaidi kidogo kuliko zamani. Mume anayelalamika kwa sauti amerudi mezani.

Na jambo dogo la mwisho. Usimtumie jibu hili kwa WhatsApp, wala usiache simu wazi kwenye kochi ukitumaini ataliona. Hicho nacho ni kijembe.